Risiti za Kyalo Zilifutikia Jikoni Kwangu

Assalamu alaikum admin, na nyote mnaosoma. Jina langu lifiche, na mtaa usiutaje zaidi ya kusema Mji wa Kale, maana huku kila mtu ni jamaa ya mtu. Na nyinyi msianze kunitukana kwenye maoni kabla hamjafika mwisho. Mkifika, nitukaneni, nimestahili.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina watoto watatu, na mume wangu ni dereva wa lori. Si lori la tajiri. Ni lao wenyewe, yeye na rafiki yake ambaye hapa nitamwita Kyalo, Mkamba anayekaa mtaa wa Buxton. Walijuana bandarini wakiwa vibarua, wakaweka akiba pamoja miaka minane hadi wakanunua lori moja kuukuu la kubeba kontena. Safari hii anakwenda mume wangu, ijayo anakwenda Kyalo.

Daftari nilipewa mimi, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu ni mzuri. Kazi haikuwa ngumu. Anayerudi safari ananikabidhi bahasha ya risiti, za mafuta, za pancha, za fundi, nami naziandika. Pesa za njiani hutoka kwenye malipo ya mizigo, kwa hiyo mwisho wa mwaka matumizi yasiyo na risiti anakatwa aliyeyafanya, kinachobaki wanagawana. Za mume wangu niliziandika siku hiyo hiyo, kwa sababu yuko hapo anakunywa chai na kunisomea. Za Kyalo sikuziandika. Akipiga hodi, akinipa bahasha, naitia kwenye kopo la biskuti kwenye rafu iliyo juu ya jiko, ninapokaangia mahamri ya kuuza, nikijiambia nitaziandika Ijumaa. Ijumaa hiyo ikawa miezi saba. Mume wangu akiuliza kama daftari liko sawa, namjibu liko sawa.

Siku ya hesabu ilipokaribia nikafungua kopo. Karatasi zilikuwa nyeupe. Nilifungua bahasha ya pili, ya tatu, zote, na zilizobaki na maandishi hazikusomeka.

Hapo ndipo ningemwambia mume wangu, Baba Swafia, nilizembea, bahasha za mwenzako sijazifungua tangu alipoanza kunipa. Nilichomwambia ni kwamba Kyalo alikuwa akiniletea makaratasi matupu tangu mwanzo, na mimi niliona haya kuwagombanisha. Wallahi, nusu ya moyo wangu iliamini kwamba Kyalo ametufanyia ujanja, maana risiti itafutikaje yenyewe? Lakini hilo la kwamba niliziona tupu tangu mwanzo nililitunga mwenyewe, nimesimama mbele ya mume wangu na unga mikononi.

Kyalo aliitwa nyumbani. Alieleza kwamba njiani hulipa taslimu, hana ushahidi mwingine ila zile risiti. Kisha akanigeukia.

"Shemeji, si nilikuwa nakupa mkononi?"

Nikamjibu kwamba bahasha nilipokea, ila ndani hamkuwa na kitu. Alinitazama, nami nikatazama mkeka. Halafu akamwambia mume wangu, "Kama shemeji amesema hivyo, mimi sitabishana naye nyumbani kwake. Nikate tu." Mume wangu akamkata. Gharama zake zote za miezi saba zikahesabiwa kuwa pesa alizokula, fungu lake la lori likaishia humo. Sasa anaendesha magari ya watu, siku akipata.

Miezi mitatu baadaye nilikwenda Biashara Street kununua leso za harusi ya wifi yangu. Mama muuzaji aliponipa risiti akaniambia kama nataka kuiweka niitoe kopi upesi, kwa sababu karatasi hizi za mashine zikikaa na joto na mafuta maandishi hutoka. Alisema hivi hivi tu, huku akikunja leso. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya duka. Hata ile nusu ya moyo niliyokuwa nikijifariji nayo iliniishia pale. Mtu alifanya kazi yake kwa uaminifu, mimi nikamgeuza mwizi ili nisionekane mvivu.

Ningeweza kunyamaza hadi kaburini, na nilishaanza kuzoea, Mungu anisamehe. Lakini wiki hii mtu mmoja mwenye malori matatu amempigia mume wangu simu. Anataka kumwajiri Kyalo kazi ya kudumu, na anauliza ni mtu wa namna gani. Mume wangu amemwahidi jibu Jumatatu. Nilijaribu kumwambia asimharibie mwenzake riziki, amsemee mema yaishe.

"Nimsemee mema mtu aloniibia?" akaniuliza. "Nimekula naye sahani moja miaka yote, kumbe yuwanila mimi."

Mara tatu nimefungua mdomo nimwambie, mara tatu nimeishia kumuuliza kama ataongeza chai. Mficha uchi hazai, najua. Naogopa talaka, sitawaficha. Lakini zaidi naogopa uso wake siku atakapojua amemfukuza rafiki yake bure, na kwamba mimi ndiye niliyemfanya dhalimu bila yeye kujua.

Jana baada ya swala ya Ijumaa alirudi kutoka msikitini akaniona nimenyong'onyea. Akadhani nahuzunika kwa ajili yake. Akanishika bega akasema, "Usisikitike, Mama Swafia. Rafiki nimempoteza, lakini mtu wa kumwamini n'naye ndani ya nyumba."

Leo ni Jumamosi. Nishaurini, ndugu zangu. Nianze kwa mume wangu au nianze kwa Kyalo, na nikifika mbele yao, nianze na neno gani?