Komisiyo ya Papa Esdras ya Kuhamia Kibua

Papa Esdras Mapendo hakuwahi kufanya jambo bila kikao. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mwandishi wa baraza la parokia yetu, juu ya kilima kimoja karibu na Masisi centre, na kazi ile ilimwingia mwilini. Mbuzi akiugua, kikao. Paa likivuja, kikao, na kabla hakijafungwa vitanda vimekwisha kulowa. Hata ndoa yake ilichelewa miaka minne kwa sababu alikuwa bado anakusanya maoni, mpaka Dorothée akamtumia ujumbe kwamba yeye ataolewa mwezi wa nane, na kama Esdras anataka kuwa bwana harusi afike mapema.

Mambo ya kuhama yalianza na mvua za mwezi wa nne. Upande wa chini wa shamba lake, ule uliokuwa ukitoa maharagwe mazuri kuliko yote, uliteremka bondeni pamoja na udongo, maharagwe na choo cha jirani. Hakuna aliyeumia, maana saa ile choo kilikuwa hakina mtu. Upande wa juu ulibaki, lakini ule ulipakana na malisho ya Semana, mfugaji, na ng'ombe wa Semana hawakuwa wanatambua mipaka. Kila juma waliingia, wakala, wakatoka. Esdras alikuwa akimwandikia Semana barua. Semana, mtu wa heshima, alikuja mwenyewe kujibu kila barua kwa mdomo.

"Papa Esdras, nimeisoma. Umeandika muzuri sana."

Na ng'ombe waliendelea.

Ndipo ikaingia simu ya Carmel, binamu yake Dorothée, aliyeolewa Kibua, kule Walikale.

"Huku shamba iko bure," Carmel alisema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Muhogo inakomaa mupaka unaomba batu bakusaidie kuitosha mu udongo. Mafuta ya ngazi, mawese yenyewe, iko, uyoga iko, samaki ya muto iko. Munafanya nini juu ya ile milima? Munalima mukiwa mumesimama kama mbuzi!"

Mtu mwingine angecheka, ao angefunga mizigo. Esdras aliunda komisiyo.

Yeye alikuwa presida. Dorothée alipewa umakamu bila kuulizwa. Gaëlle, binti yao aliyemaliza masomo ya sekondari na kukosa kazi, aliwekwa kuandika. Faustin, ndugu yake Dorothée, aliyekuwa akiishi kwenye chumba cha nyuma tangu kazi yake ya dereva iishe, aliitwa mshauri. Semana alialikwa kama mtazamaji asiye na kura, kwa sababu ng'ombe wake walikuwa kwenye ajenda. Walikutana kila Jumapili baada ya misa, wakianza kwa sala ambayo Esdras mwenyewe aliifupisha, ili kulinda muda wa mjadala.

Faustin aliunga mkono kuhama kwa moyo wote.

"Shemeji, muende," alisema. "Muende hata kesho. Miye nitabakia na kulinda nyumba."

"Unaona ginsi anatupenda?" Dorothée aliuliza bila kumtazama mtu. "Amekwisha kupima chumba chetu kama kitanda yake itaingia."

Esdras aligonga meza. Alieleza kwamba Walikale kuna joto, na joto linakomaza muhogo. Gaëlle akaandika. Dorothée akasema joto hilo hilo linakomaza na mbu. Gaëlle akaandika. Esdras akasema kule udongo haushuki, kwa kuwa hauna mahali pa kushukia. Dorothée akauliza maharagwe yataota wapi katika msitu ambamo hata nguo haikauki, na familia yake itakunywa maziwa ya mnyama gani.

"Maziwa nitawatumia," alisema Semana.

"Yatafika yameganda kuwa fromaji," Dorothée alimjibu.

Jumapili ya tano walifika kwenye suala la usalama. Watu wazima wote pale walikuwa wamewahi kukimbia vita. Esdras alikohoa, akasema kwamba kwa upande wa kukimbia, maeneo mawili yako sawasawa, hivyo anapendekeza jambo hilo lisihesabiwe.

"Haiko sawasawa," Dorothée akasema. "Hapa tunajua njia ya kukimbilia. Tunajua nani atatufungulia mulango kule chini, na nani atajifanya amelala. Kule Kibua tutakimbia kama bageni."

Gaëlle aliuliza kama aandike hilo kwenye faida za Masisi ao kwenye hasara zake. Komisiyo ilishindwa kukubaliana, kikao kikaahirishwa.

Jumapili ya saba, kura zilikuwa mbili kwa mbili. Esdras alitangaza kwamba habari bado hazitoshi, na kwamba yeye mwenyewe ataenda Kibua kwa misioni ya uchunguzi ya siku kumi. Alivaa mabote ya mpira, akachukua daftari mbili na kipande cha fromaji kwa ajili ya Carmel, akapanda nyuma ya pikipiki. Dorothée alisimama mlangoni mpaka pikipiki ilipoingia kwenye kona, kisha akaenda kuangalia shamba.

Njia ilikuwa tope tupu. Mahali pengine dereva alipanda na Esdras akatembea. Mahali pengine wote wawili waliisukuma pikipiki kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Walipofika Kashebere, pale mpakani mwa Masisi na Walikale ambapo wafanyabiashara wa pande mbili wanakutana, Esdras aliingia kwenye mgahawa wa mbao kula bugali na sombe ya majani ya muhogo. Mezani alimkuta mwanaume mmoja mwenye mabote yaliyochafuka kama yake, na daftari kama yake. Aliitwa Papa Paul, mkulima wa Kibua.

"Unaenda wapi, Papa?" Esdras aliuliza.

"Masisi. Naenda kuangalia kama naweza kuhamia kule na familia. Na weye?"

Esdras aliacha tonge hewani.

"Kibua," alisema. "Kutembea tu."

Papa Paul alisogeza kiti. Alikuwa amesikia kwamba Masisi maziwa hayanunuliwi, kwamba baridi inaua malaria, na kwamba mtu akitupa maharagwe dirishani anavuna baada ya miezi mitatu. Ni kweli? Esdras aliifikiria ile sehemu ya shamba iliyolala bondeni. Alitaka kumwambia. Lakini mtu hawezi kusema vibaya kwao mbele ya mgeni, tena mgeni wa Kibua.

"Ni kweli kabisa," alijibu. "Na kwenu, shamba iko bure?"

Sasa Papa Paul ndiye aliyetazama sahani yake.

"Bure kabisa," alisema. "Hata magugu haiote."

Wakatakiana safari njema. Kila mmoja aliondoka akijiuliza kwa nini mwenzake anaacha pepo kama ile.

Carmel alimpokea kwa kuku na mchele. Kesho yake alimwonyesha shamba: msitu, miti minene kama nyumba, na kijito katikati. Esdras alikuwa bado anapima kwa miguu wakati alipotokea mzee mmoja na kusema shamba ni la babu yake. Baada ya chakula cha mchana akaja mwingine, mwenye babu mwingine. Siku ya tatu alikuja mjane na barua yenye mhuri. Esdras alikwenda kwa shefu wa kijiji kutaka maelezo.

"Shamba iko bure," shefu alithibitisha. "Ila iko na benyewe."

Siku ya nane mbu walimaliza kazi yao, na Esdras akalala na homa juma zima. Alipoweza kukaa kwenye kiti mbele ya nyumba ya Carmel, walipita vijana wawili wa shirika fulani la msaada, wamevaa jile, vile vizibao vyenye nembo, wakiandikisha wageni wote wa kijiji kwa telefone.

"Papa, ulikimbia nini?" aliuliza dada aliyeshika telefone.

"Sikukimbia. Nilitumwa na komisiyo kuchunguza faida na hasara za kuhama."

Dada alitafuta kwa kidole, juu, chini.

"Hiyo haiko. Iko vita, iko mafuriko, iko ingine."

"Basi weka ingine."

"Papa, nikigusa 'ingine', telefone itaniuliza maswali makumi ine." Alitazama mawingu. "Na mvua njo hii inakuja. Kwenu hakukuwa hata maji kidogo?"

Esdras, ambaye hakuwahi kusema uongo katika ripoti, alikiri kwamba kulikuwa na udongo ulioshuka. Dada akagusa mafuriko. Siku mbili baadaye Esdras alikuwa na bâche, turubai nyeupe ya plastiki, sabuni, bidoni mbili za maji, na kadi ya mtu aliyehamishwa na maji, yeye aliyetoka juu ya kilima ambapo maji hupandishwa kwa kichwa.

Alikwenda kuvirudisha vyote. Pale kwenye uwanja wa kanisa, ambapo wakimbizi wa kweli walikuwa wamejenga vibanda, hakumkuta mtu wa kuvipokea, ila alikuta kikao kinaanza. Kamati ya wakimbizi ilikuwa haina mwandishi. Mtu akauliza nani anajua kuandika Kifaransa. Mkono wa Esdras uliinuka kabla yeye mwenyewe hajauambia.

Siku kumi zikawa miezi mitatu. Kamati ilikutana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kulikuwa na kamati ndogo ya maji, ya vyoo, ya malalamiko, na ya kufuatilia kamati nyingine. Esdras aliandika zote. Nyumbani alituma ujumbe: uchunguzi unaendelea, msikate shauri.

Mtu pekee aliyemsumbua alikuwa Mama Mukankusi, mwanamke mzee aliyekaa mstari wa mbele akichambua majani ya muhogo wakati wengine wanajadili. Siku moja kikao kilipofungwa alimuuliza ametoka wapi, na Esdras akamweleza yote: komisiyo, kura, misioni. Mama Mukankusi aliweka majani chini. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge.

"Ngoja, Papa. Mulikaa. Mukaomba Mungu. Mukauliza mama, mukauliza mutoto, na hata mwenye ngombe. Mukauliza kama munataka kuhama?"

"Mara saba."

"Siye tumehama mara tatu," alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Ya mwisho nilikuwa na sufuria ku moto. Sikujua kama kuhama kunafanyikaka vile."

Esdras alifunga daftari. Siku ile hakumaliza ripoti yake. Jioni alichukua ile bâche, bado iko na mikunjo yake ya dukani, akaifunga juu ya kibanda cha Mama Mukankusi kilichokuwa kimefunikwa na majani. Alifunga vibaya, ikabidi yule mama mwenyewe aifunge upya.

Juma lililofuata, katikati ya kikao cha vyoo, Dorothée aliingia. Alikuwa amevaa mabote na ana tope hadi kiunoni. Alikaa kwenye benchi ya nyuma, akasikiliza hoja tatu, kisha akainua mkono.

Esdras alimwona. Kalamu ilimtoka.

"Mama iko na swali?" aliuliza mwenyekiti.

"Iko na bwana," Dorothée alisema. "Namuomba."

Nje, chini ya ukingo wa paa la kanisa, Esdras alianza kueleza hali ya uchunguzi. Dorothée alimwacha aseme kidogo, kisha akamwambia yake. Siku ya pili baada ya yeye kuondoka, alikwenda kwa Semana. Sehemu ile iliyoshuka ilikuwa imeota majani mazuri, haifai tena kwa maharagwe lakini ng'ombe wanaipenda. Semana angelisha pale, na kwa malipo angetoa maziwa kila asubuhi na kujenga ua wa kuzuia ng'ombe wasiingie juu. Ua ulikuwa umekwisha. Maharagwe yalikuwa yametoa maua. Gaëlle alikuwa anajifunza kutengeneza fromaji kwa mke wa Semana, na ya kwanza ilikuwa chungu, ya pili inalika.

"Mulikaa kikao gani?" Esdras aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tulisimama. Ilichukua muda kama wa kuchota maji."

"Na kura?"

"Papa Gaëlle. Ulikuwa hauko."

Alihesabu kurasa za daftari alilotoka nalo. Sisi tunaomjua tunafikiri kitu kilichomuuma hakikuwa kusuluhishwa kwa jambo, bali kwamba lilisuluhishwa kwa urahisi namna ile, wakati yeye ameandika daftari mbili na nusu. Dorothée alimtazama, na uso wake ukalegea.

"Nyumba iko kimya," alisema. "Nikisema kitu, hakuna mutu wa kukipinga. Nimechoka kuwa na haki kila siku. Turudie kwetu."

Walirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Pale Masisi, vijana wenye jile nyingine walimkuta Esdras uani juma lile lile, wakamwandika kama aliyerejea baada ya mafuriko, wakampa bâche. Alipinga kwa barua ya kurasa nne. Walimjibu kwa kumletea na ndoo. Habari ilizunguka kilima, na kabla ya mwezi kwisha familia sita zilikuwa zimeunda komisiyo za kuhama, zote zenye mpango wa kurejea haraka.

Faustin naye alihamia Kibua, bila mkutano hata mmoja. Aliondoka Jumanne na godoro lake, na sasa anauza mafuta ya ngazi pale Kashebere na amenenepa. Papa Paul, tunasikia, alifika Masisi, akapata kikohozi cha baridi, akarudi kwake na fromaji nzima ambayo anawaonyesha watu.

Siku hizi Esdras anachimba matuta ya kushika udongo pamoja na Semana, na malaria humrudia kila mara mvua zikianza. Ukipita pale na kumuuliza ni wapi pazuri pa kuishi, Masisi ao Walikale, ataweka jembe chini, atajipangusa mikono, na atakuomba kwanza utafute kiti.