Taa ya Bonge Moja

Harufu ya matope ya Tana maji yanapopungua naitambua hata nikiwa na mafua ya wiki mbili. Mwaka nilipokuwa na umri wa miaka tisa, mto uliacha ukingoni mwa shamba letu pale Kulesa udongo laini ajabu, ungeweza kuupaka kwenye mkate ukala. Mwaka huohuo Mwalimu Karisa, aliyetufundisha watoto Biblia kila Jumapili, alitusomea habari za taa ya Wayahudi: Mungu alivyomwagiza Musa aifanye ya dhahabu, shina na matawi sita, yote yafuliwe kutoka bonge moja pasipo kiungo, iwake hemani mbele zake. “Dhahabu hatuna,” alisema, “udongo tunao. Atakayeleta taa ya bonge moja na kutueleza maana yake, ndiye atakayeiwasha sikukuu ya mavuno.” Mimi ni mtoto wa saba kwetu. Sikuwahi kuitwa mbele ya watu ila kuchapwa. Niliitaka taa ile kuliko chakula, na chakula nilikipenda sana.

Kulesa nzima ikajaa matawi yaliyovunjika. Kila mtoto aliisimamisha taa yake ingali mbichi, matawi yakalala. Mimi nikaifinyanga ikiwa imelala chali juu ya jani la mgomba, nikaiacha ikauke kivulini siku nne, ndipo nikaisimamisha. Ikasimama kama askari. Rafiki yangu Sidi peke yake ndiye niliyemwonyesha, maana mama yake alikuwa mfinyanzi na aliahidi kuichoma pamoja na vyungu vyake; nikampa aipeleke. Nikamwambia Sidi na maana niliyoiwaza nikipalilia mpunga: matawi sita ni siku za kazi, yote yanalitazama la kati, siku ya kupumzika.

Jumapili ikafika, Sidi akaingia kanisani na taa yangu kichwani. Akaieleza neno kwa neno, hata pale nilipovuta pumzi alivuta.

“Nani kakufundisha, Sidi?”

“Hakuna, Mwalimu. Nimefikiri mwenyewe.”

Nikasimama. “Mwalimu, hiyo ni yangu.”

“Kadzo, yako iko wapi?”

Nikainua mikono mitupu. Kanisa likacheka mpaka mabati yakalia. Mama yake Sidi, aliyeichoma kwa mkono wake, aliangalia vidole vyake vya miguu. Sidi akawasha tambi saba za mafuta ya nazi, na mwanga ukanipiga usoni kama kofi.

Nimesoma ukubwani, masomo ya jioni hapa Garsen, nikisinzia na kuamka na daftari shavuni. Humo nikajua kwamba Wayahudi wenyewe wapo wanaoieleza taa yao kama nilivyoiwaza mpungani, na kwamba ni alama yao ya kale kuliko ile nyota ya pembe sita. Nikaona pia picha ya jiwe la kuchongwa la Roma: askari wameteka hekalu la Wayahudi, wanatembea kwa shangwe, taa ya wenyewe mabegani. Niliitazama picha ile mpaka mwalimu akaniuliza kama naumwa.

Sidi anauza samaki hapa sokoni. Hunipimia vizuri, tunataniana, watoto wetu wanacheza pamoja. Juzi, akifunga kambare wangu kwenye gazeti, akasema, “We Kadzo, unaikumbuka ile taa yangu?” Hakuwa anatania. Nikacheka, maana kucheka ndiyo kazi yangu, nikachukua samaki. Wale askari wa Roma angalau walijua wamebeba taa ya watu.