Waliitikia Mkebe

Mtu asije kuniambia kwamba wimbo ule wa kombe ulikuwa mzuri. Najua ulikuwa mzuri! Aliutunga shangazi yangu, jikoni kwake hapa Kisarawe, akimenya mihogo, nami nimekaa naye na mwanangu mchanga mgongoni. Wanaousifu leo walisikia wimbo ulioporwa.

Mwaka ule timu za Kenya, Uganda na Zanzibar zilikuja Dar es Salaam kugombea kombe na Tanganyika. Serikali ikataka ngoma za kuwapokea wageni, na kwetu wakachaguliwa kina mama wa kikundi cha shangazi. Mwanawe wa pekee alikuwa ameingia timu ya Tanganyika, akicheza winga wa kushoto. Basi akatunga beti za kukaribisha wageni, na wa mwisho akamtungia mwanawe. Akamtumia salamu mjini: siku hiyo tega sikio, mama yako atakutaja mbele ya watu.

Jumbe wetu, Mungu anisamehe, alikuwa mtu wa kujikomba tu. Alikuja kwenye mazoezi, akasikiliza, akakunja uso.

“Bibi, huo ubeti wa mwisho uutoe. Weka wa kumsifu Bwana Gavana, atakuwepo.”

“Gavana ana mama yake,” shangazi akamjibu. “Amtungie.”

Kina mama walicheka mpaka wakakaa chini. Jumbe hakucheka.

Kwetu wimbo wa ngoma una mwenyewe. Aliyetunga ndiye anayeshika kayamba na kuanzisha, na wengine hawafungui kinywa mpaka kayamba lake lilie. Hata akiugua, hulikabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Jumbe alilijua hilo, ndiyo maana akamtuma mke wake mdogo aje kuliazima. Shangazi akalisukuma chini ya kitanda na kumwambia arudi alikotoka. Jioni ile kina mama wakaja kumwapia: bila wewe, dada, hatuitikii ng’o. Mama yangu mzazi, wifi yake, ndiye aliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku ya mpira lori la serikali likawabeba kina mama wote, shangazi akaachwa barabarani na kayamba lake kwa amri ya jumbe. Hakulia. Tukapanda lori la mkaa, mimi na yeye na mtoto, tukafika uwanjani weusi tii, tukajipenyeza hadi kwenye kamba.

Timu zilikuwa zimejipanga. Kina mama wetu wamevaa kanga mpya, sare, na mbele yao yule mke wa jumbe. Mkononi ana nini? Mkebe wa maziwa uliotiwa kokoto! Nikamfinya shangazi, nikamwambia sasa ngoja uone anavyoumbuka. Akatikisa mkebe wake, akaanzisha.

Wakaitikia.

Walai, wakaitikia wote! Mkebe! Mama yangu yuko mstari wa kwanza, mishipa ya shingo imemtoka. Nilitamani ardhi ipasuke, si inimeze mimi, iwameze wao.

Binamu yangu alikuwa anawagusa wenzake mabegani, anawaonyesha kwa kidole: sikilizeni, sasa hivi. Ukaja ubeti wa mwisho. Gavana baba yetu, Gavana mwenye huruma. Wenzake wakaangua kicheko, na mmoja akampigia saluti. Shangazi akaita jina la mwanawe kwa nguvu zake zote, lakini vigelegele vikamfunika. Nani alishinda siku ile sijui, wala sitaki kujua.

Mechi ilipokwisha tukamfuata. Alimtazama mama yake na ule weusi wa mkaa usoni, asimwamkie.

“Niliwaambia wote wasikilize, mama.”

Shangazi akamweleza yote: jumbe, kayamba, mkebe. Nami nikamwapia kuwa ni kweli tupu. Akatikisa kichwa.

“Wale wamenilea, mama. Nimekula nyumba ya kila mmoja wao. Jumbe gani wa kuwaziba midomo wote wale? Sema tu ulimwogopa Gavana, nitaelewa.”

Kijana alikuwa anawajua watu wake kuwa ni wema, na nani angemlaumu? Na mimi nilikuwa nikiwajua hivyohivyo mpaka siku ile.

Ndipo mama yangu akaja mbio na kanga yake mpya, jasho linamtiririka, ana furushi la sukari waliyogawiwa. Akamkumbatia.

“Mwanangu, umetutoa kimasomaso leo!”

Binamu yangu akainamisha kichwa kwa adabu.

“Shikamoo, mama,” akamwambia.

Naye akaipokea, hana haya, huku mama aliyemzaa amesimama palepale.