Fundi wa Pini Mdomoni

Fundi cherehani wa pale Makongeni huimba tenzi mdomo umefumbwa kwa sababu ya pini, na akifika kwenye kiitikio, miguu huongeza mwendo na mshono hukimbia. Jirani yake, Mama Nabiswa, muuza mboga, humchungulia huku akikata sukuma wiki. Leo mwenye baa ameleta majora mawili ya kitambaa ya kushona sare za wahudumu wake, mradi fundi afanye kazi Jumapili. Fundi anatoa pini mojamoja.

"Jumapili napiga ngoma kanisani, mzee. Nikikosa, kwaya itapotea njia."

Mwenye baa anaondoka na majora yake.

"Ala! Na watoto wako watakula nini, baba?" Mama Nabiswa anamaka.

"Sukuma, mama. Ya jana uliyotukatia ilikuwa tamu!"

Pini zinarudi mdomoni. Mama Nabiswa, akinung'unika, anawakatia fungu la pili, kisu kikifuata kiitikio.