Jinsi "8" na "08" zilivyomficha mtoto wa Mama Amisi

Wakuu, habari za mihangaiko.

Nimeona vijana mnabishana humu kuhusu == kwenye JavaScript. Nina kisa, na siongezi chumvi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa hesabu Kasulu. Kwa kuwa kompyuta nilishaigusa chuoni, shirika moja la wakimbizi likaniomba niwasaidie baada ya vipindi.

Kazi yenyewe ni kuwatafutia wazazi watoto waliopotezana nao vitani. Internet hakuna. Majina ya watoto walioko makambi ya Kibondo yanaletwa kwa diski. Unafungua ukurasa kwenye browser, unaandika jina na umri anaosema mzazi, ukurasa unalinganisha.

Mama Amisi, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, alipotezana na mwanawe wakikimbilia ziwani. Kila akipata lifti anakuja.

"Mwalimu, mutoto wangu bado haiko mu mashini?"

"Bado, mama."

Anashukuru, anaondoka. Ile shukrani ilikuwa inaniuma.

Siku moja nikaacha kubonyeza, nikayasoma majina ya Kibondo kwa macho.

Nikamkuta. Jina lake, la baba yake, kijiji chao. Umri: 08.

Sisi tuliandika 8.

Sasa wanangu mnaoanza: = moja inaweka thamani, == mbili zinauliza kama vitu ni sawa. Lakini kinachoandikwa kwenye fomu kinaingia kama maandishi, hata kama ni tarakimu, na umri wa kwenye diski nao ulikuwa maandishi. Maandishi yanalinganishwa herufi kwa herufi, kwa hiyo "8" == "08" ni false, yaani si kweli. Kompyuta haikukosea. Tuliiuliza vibaya.

Nikaweka hesabu ya kutoa sifuri kila upande: ("8" - 0) == ("08" - 0). Ukitoa, JavaScript inageuza maandishi kuwa namba. True.

Tukarudia maombi yote ya nyuma. Watoto wengine nao wakatokea.

Kibondo nilikwenda na Mama Amisi mwenyewe. Mtoto alimwangalia, akasema, "Mama, umekonda."

Mama akakaa chini palepale, akamvutia mapajani na ukubwa wake ule.

Nimefundisha mpaka nimestaafu, ila najivunia mstari ule kuliko cheti chochote nilicho nacho.

Nilichojifunza: kabla hujalinganisha vitu viwili, hakikisha namba ni namba, si maandishi.

Kama kuna aliyewahi kuhangaishwa na kitu kama hiki, atupe kisa chake. Na wa kunikosoa kwenye code, nipo.