Pasaka Ile Kampuni Ilipojiondoa kwa Rali

Hapo kijijini kwetu Kabati, Pasaka ilikuwa sikukuu ya magari kwanza, ya Bwana Yesu baadaye. Rali ikipita, kanisa lilibaki na mchungaji, wazee wawili wasiosikia vizuri na sisi akina mama wa maombi. Hata wanakwaya walitoroka, wakarudi na vumbi mpaka kwenye kope.

Mume wangu hakuhitaji kutoroka. Alikuwa fundi, na kampuni moja ya Ulaya iliyotengeneza magari ya mbio ilimchukua kila mwaka, wiki tatu kabla ya Pasaka, asaidiane na mafundi wake. Alisema anaweza kubadilisha giaboksi kabla ugali haujaiva. Haya, sawa, ugali wa nani sijui. Mwaka ule walikuwa wamemwahidi kwamba rali ikiisha wangempeleka kiwandani kwao akasomee injini. Pasipoti alikuwa nayo tayari. Aliiweka ndani ya Biblia yangu, kwa sababu ndicho kitabu pekee ambacho watoto hawakuthubutu kugusa.

Na mimi nilifanya nini? Mwezi wa pili mchungaji alituambia tufunge siku tatu, tumwombe Mungu ayafukuze magari yanayotunyang'anya Pasaka. Nikafunga. Nikaomba kwa sauti mpaka koo likakauka. Safari ya mume wangu haikunijia akilini hata kidogo. Nilitaka tu, mwaka mmoja, aketi na mimi kanisani kama waume wa wenzangu. Nilikuwa mjinga, na nimesema.

Kabla mwezi haujaisha redio ikatangaza kwamba kampuni ile imejiondoa kwa rali. Barua ikafuata, mistari mitatu ya kumshukuru, na safari ya kiwandani basi tena. Mume wangu aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaenda kulisha ng'ombe waliokuwa wameshakula. Nilimhurumia. Hakujua tuliomba nini, nami sikuthubutu kumwambia.

Jumapili ya Pasaka alivaa shati jeupe, akaketi kando yangu. Nje, magari ya kampuni nyingine yalikuja kama kawaida, na kila moja likinguruma aligeuza kichwa kidogo.

"Kampuni moja imeshaenda, zingine zitafuata!" mchungaji akasema. "Mungu si Athumani! Akina mama waliofunga kwa ajili ya jambo hili wasimame, kanisa liwaone."

Wakasimama. Mimi nikang'ang'ania benchi. Mwenzangu aliyekuwa nyuma akanigusa bega, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Aiya! Simama, mama. Si wewe ndiye uliyeomba kutushinda sisi wote?"

Mume wangu akanitazama. Kisha akavuta miguu yake chini ya benchi, nipate nafasi ya kusimama.