Nilimbunia Rafiki Yangu Mama

Kosa ni langu. Si la Abdu, si la Tovo, si la barabara. Ni langu mimi na mdomo wangu huu, na leo nalisema hadharani kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu.

Mimi ni mtu wa Mahajanga, Madagaska. Nyumbani tunasema Kimalagasi na Kikomoro. Kiswahili hiki nilikiokota redioni na kwa mabaharia wa bandarini, basi nisahihisheni polepole. Nilisoma shule ya usiku miaka mitatu. Siku niliyopewa cheti nilikitembeza mtaa mzima wa Ampisikina, mpaka mbuzi walikisoma! Tangu hapo wakaniita Profesa. Kukiwa na harusi, Profesa aseme. Kukiwa na ugomvi, Profesa asuluhishe. Nami nikavimba kichwa.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Abdu, fundi wa kutengeneza cherehani mbovu. Mwishoni mwa miaka ya sabini, Wakomoro wengi walipokimbia machafuko ya Mahajanga, mama yake na dada zake walipanda meli wakaenda. Yeye akabaki na cherehani za watu ambazo hajazimaliza. Chumba kimoja, kitanda kimoja, kikombe kimoja. Nadhani hakuna mtu aliyekuwa mpweke kama yeye, ila hakulalamika hata siku moja.

Basi Abdu akampenda Zaina wa kisiwa cha Nosy Be, aliyekuja mjini kushona nguo za harusi ya binamu yake. Wakaandikiana barua mwaka mzima. Ikabidi twende kuposa. Kwetu mposaji hasemi. Anakaa, anainamisha kichwa, anamwachia msemaji wake. Neno la msemaji ni neno lake.

Msemaji nani? Mimi!

Tovo, rafiki yetu wa kabila la Wasakalava, akaazima Pijo ya mjomba wake, tukaondoka watu watatu alfajiri. Jamani, safari ile! Siku tatu nzima. Tulipita msitu wa Ankarafantsika, komba wakiruka juu yetu kama wamelipiwa kutuburudisha. Mampikony vitunguu vimetandazwa kila mahali, harufu yake ilitutoa machozi mpaka tukavuka mto. Mashimo ya barabara ndiyo usiseme: lilikuwepo moja, ukitumbukia unaweza kuoa na kuzaa humo ndani kabla hujatoka.

Njiani nilikuwa najizoeza hotuba. Abdu alikuwa ameniambia maneno machache tu.

"Sema mimi ni fundi, nina chumba, nitamtunza. Sema sina watu hapa. Basi."

"Hiyo ni hotuba au risiti?" nikamuuliza.

Nikaanza kumpamba. Tulipofika Boriziny Abdu alikuwa na karakana. Antsohihy, karakana mbili na wanagenzi wanane. Tulipoingia kwenye vivuli vya kakao vya Ambanja, alikuwa ameshamtengenezea rais cherehani! Tovo alicheka mpaka akasimamisha gari. Abdu alicheka kuliko sote, machozi yakimtoka.

"Profesa," Tovo akasema akijifuta, "ukifika kwa watu uyaache hayo huku barabarani, eh?"

"Mimi mtoto?"

Kumbe ndiyo, mtoto kabisa!

Gari tukaliacha Ankify, tukapanda boti, tukashuka Nosy Be tukiwa tumevaa kanzu safi. Kisiwa kizima kinanukia maua ya mlangilangi. Tulipokewa vizuri kupita kiasi. Aliyekaa katikati alikuwa nyanya yake Zaina, ambaye wote wanamwita Dadi, yaani bibi. Mwanamke mdogo, kimya, macho makali. Zaina mwenyewe alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya mlango ulioegeshwa. Tulisikia bangili zake.

Nikasema. Wallahi siku ile nilisema! Salamu kwa Kikomoro, hotuba kwa Kimalagasi, dua kwa Kiarabu. Na mpaka hapo sikuongeza kitu. Fundi, chumba, atamtunza.

Ndipo Dadi akauliza, "Huko Mahajanga mjukuu wangu atakuwa na nani? Akiugua, nani atamshika kichwa? Akijifungua, nani atamwogesha mtoto?"

Wajomba wote wakanigeukia. Nikamtazama Abdu. Kichwa chini, kola ya kanzu imemkaa vibaya kwa sababu hakuwa na mtu wa kumtengenezea. Nikaona aibu. Nikafungua mdomo.

"Mama yake yupo, Dadi! Na dada watano! Nyumba imejaa, atakosa pa kukaa kwa kupendwa!"

Chumba kikachangamka. Wajomba wakacheka. Tovo akanikanyaga mguu, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Dadi akaagiza kitu ndani. Wakaleta kitambaa cha meza, cheupe, kimetobolewa na kudariziwa kwa mkono kule Nosy Komba, kazi ya miezi. Akainuka mwenyewe, akamtandikia Abdu magotini.

"Mpelekee mama yako. Mwambie sasa ana dada huku."

Abdu akakiinua kile kitambaa. Akakikunja mara mbili, taratibu, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Halafu akafanya ambalo mposaji hafanyi. Akasema.

"Dadi, mama yangu yuko Komoro. Barua zangu hazijibiwi. Sijui kama yu hai. Mahajanga sina mtu."

Nyuma ya mlango bangili zikagongana.

Dadi akanigeukia mimi. "Ni kweli?"

Mimi Profesa, mwenye lugha tatu! Nikaitikia kwa kichwa.

"Asiye na watu ningempa watu," akasema. "Ningehamia huko mimi mwenyewe na uzee huu. Lakini mmeniletea mama wa kubuni, mkaniacha nimpe zawadi." Kisha akamwambia Abdu, kwa upole uliouma kuliko matusi: "Na huyu, mwanangu, ulimchagua wewe."

Mlango wa ndani ukafungwa. Taratibu tu. Posa ikaishia hapo.

Kurudi ni barabara ile ile, vilima vile vile, mito ile ile, siku tatu. Watu watatu kiti kimoja, magoti yanagusana, na sijawahi kuwa peke yangu kama siku zile! Ambanja nilijaribu utani mmoja. Tovo akapandisha kioo, joto lote lile.

Tulipofika, Abdu alishuka, akanipa mkono. "Ahsante kwa kunisindikiza," akasema. Heri angenipiga! Angenitukana! Baada ya miezi michache aliuza vyombo vyake akaenda kumtafuta mama yake. Sikuagwa. Nilikuta chumba kinapakwa chokaa na mpangaji mwingine.

Tovo tunasalimiana msikitini kwa kichwa. Nilimwandikia Zaina kumweleza kwamba Abdu hakujua nitakalosema. Barua ilirudi haijafunguliwa. Nimezeeka. Watoto wa mtaani bado wananiita Profesa, wanadhani ni jina langu, na jioni napika wali wa mtu mmoja.

Miaka yote nilijiambia nilisema vile kwa mapenzi, kwamba nilitaka rafiki yangu apate mke. Uongo mwingine huo! Ukweli ni kwamba mbele ya wale wajomba nilimwonea haya. Niliona Abdu peke yake, kama alivyo, hatoshi. Bibi wa watu aliyemwona kwa saa moja tu alikuwa tayari kumchukua hivyo hivyo, na mimi niliyekula naye miaka kumi sikuweza.

Basi nyinyi mnaotumwa kuwasemea wenzenu, jiulizeni kabla hamjatoka nyumbani kama mnamwonea haya anayewatuma. Jibu likiwa ndiyo, msiende. Mwacheni aende akaseme mwenyewe.